Hesabu ya baharia hufanyika wapi?

Mashua za Lamu zikishindana wakati wa Maulidi, ubao mrefu hutokezwa nje ya chombo upande wa joshini, kule upepo unakotoka, na mabaharia huukalia wakiwa juu ya maji. Upepo ukizidi wanasogea nje. Ukilegea wanarudi ndani kabla uzito wao haujakiinamisha chombo upande wao. Ukimshika mmoja wao baadaye pale gatini ukamwuliza alijuaje kwamba palitaka kusogea shibiri moja wala si mbili, jibu litakuwa fupi: "Unasikia tu."

Neno hilo si la kupita nalo haraka. Kiswahili hakikufunga kusikia ndani ya masikio. Tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Baharia anakisikia chombo kwa nyayo, kwa makalio, kwa mkono ulioshika kamba, na kwa ile mizani ndogo iliyomo ndani ya sikio. Kwa zaidi ya miaka 40 wanafalsafa, wanasaikolojia na waunda roboti wamekuwa wakibishania jambo hilihili: hesabu ya ile shibiri moja hufanyika wapi? Ndani ya fuvu peke yake, mwilini kote, au hata katika ubao, kamba na upepo?

Jibu lililozoeleka ni la fuvu. Macho na masikio huleta habari, ubongo huchora ramani ya ulimwengu, hupanga la kufanya, kisha huamrisha misuli. Mwili ni mtumishi. Kompyuta zilipoanza kuenea katika miaka ya 1950, picha hii ilipata nguvu mpya: akili ni programu, ubongo ni mashine inayoiendesha, na mwili ni vifaa vya kuingizia na kutolea habari. Lawama hutupiwa mwanafalsafa René Descartes, aliyetenganisha roho na mwili katika kitabu chake cha 1641. Ni haki, lakini si haki yote. Katika kitabu hichohicho Descartes anasema hakai mwilini mwake kama baharia akaavyo chomboni. Angekuwa hivyo, asingesikia maumivu mwili unapoumia. Angeona jeraha kwa akili tu, kama baharia anavyoona kwa macho kwamba chombo chake kimevunjika.

Hapo ndipo mtu wa Lamu atamkatiza. Baharia gani huyo anayekijua chombo kwa macho tu? Huyo ni abiria.

Wanaoipinga picha ya fuvu hawana kauli moja, na vurugu nyingi katika somo hili hutokana na kuzichanganya kauli zao. Ya kwanza, iliyo nyepesi kukubali, inasema umbo la mwili na mwendo wake hubeba sehemu ya kazi ambayo tulidhani ni ya ubongo. Ya pili inasema hata fikra zisizo na mwendo wowote, kama kuelewa neno, hutumia mitambo ileile ya hisi na misuli. Ya tatu ilipata umaarufu mwaka 1991 kwa kitabu cha Francisco Varela, Evan Thompson na Eleanor Rosch: akili si kioo kinachoakisi ulimwengu uliokwisha kuwapo, bali ni utendaji wa kiumbe hai anayejitunza, na ulimwengu wake humfungukia kadiri anavyotenda. Ya nne, ya mwaka 1998, inasema akili inaweza kutoka nje ya ngozi kabisa. Ushahidi wa kauli ya kwanza haulipi deni la ya nne. Kila unapoambiwa "sayansi imethibitisha kwamba akili imo mwilini," uliza ni ipi kati ya hizi.

Mpira wa juu na vichochoro

Tuanze na kauli ya kwanza, kwa kuwa ndiyo yenye mali nyingi. Maji yakitoka, vijana hucheza kandanda kwenye mchanga mgumu. Mpira unapigwa juu sana na mchezaji wa nyuma anakimbia kuuwahi. Kwa picha ya fuvu, inambidi akadirie kasi, pembe na upepo, akokotoe utakapoangukia, kisha aende pale. Mwaka 1968 mwanafizikia Seville Chapman alionyesha kwamba kuna njia rahisi zaidi. Mtazame mpira machoni mwako unavyopanda. Kama kupanda kwake kunazidi kasi, utakupita kichwani, kwa hiyo rudi nyuma. Kama kunapunguza kasi, utaangukia mbele yako, kwa hiyo kimbia mbele. Kama unapanda kwa mwendo uleule, endelea hivyohivyo na mtakutana. Mwaka 1995 Michael McBeath na wenzake walitoa kanuni nyingine ya jamii hiyo kwa mipira inayopigwa pembeni ya mkimbiaji: kimbia kwa namna ambayo njia ya mpira machoni mwako itabaki mstari mnyoofu.

Katika kanuni zote mbili mchezaji hahitaji kujua mpira utaangukia wapi. Anahitaji miguu. Bila kukimbia, kanuni haifanyi kazi, kwa sababu kukimbia ndiko kunakosahihisha picha iliyomo jichoni. Upepo ukiusukuma mpira njiani, hakuna hesabu ya kuanza upya. Picha imebadilika na miguu inaifuata. Aliyepiga hesabu mara moja na kwenda kusubiri ndiye atakayekosa.

James Gibson, mwanasaikolojia wa Marekani, aliligeuza wazo hili kuwa nadharia nzima ya kuona, na kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1979. Kwake yeye hatuoni kwanza maumbo na rangi kisha tukakisia matumizi. Tunaona moja kwa moja kile ambacho kitu kinatualika kufanya: baraza inaalika kukaa, kishikio kinaalika kushikwa. Mwaliko huo hupimwa kwa mwili wa anayetazama. Kichochoro kilekile cha mtaa wa Mkomani, Lamu, ni wazi kwa mtoto, na ni cha kujibana kwa mwanamume mwenye mzigo begani. Mwaka 1987 William Warren na Suzanne Whang walipima jambo hili kwa watu wembamba na watu wapana waliopita kwenye nafasi za upana mbalimbali. Kwa sentimita, kila kundi lilianza kugeuza mabega mahali tofauti. Ukigawa upana wa nafasi kwa upana wa mabega, tofauti inatoweka: wote waligeuka nafasi ilipopungua chini ya mara 1.3 ya mabega yao. Mwenye mabega ya sentimita 45 huanza kugeuka kwenye sentimita 58 hivi. Warren alikuwa ameona jambo la namna hiyo mwaka 1984 kwenye ngazi: watu hutambua kwa macho tu kwamba kidato kinachozidi 0.88 ya urefu wa mguu wao hakipandiki bila kutumia mikono. Jicho linapima kwa rula ya mwili.

Wazee wetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Wanda ni upana wa kidole, shibiri ni kidole gumba hadi kidole kidogo, dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Kasoro za vipimo hivi zinajulikana, na mfanyabiashara wa nguo mwenye mkono mfupi alizijua kuliko wote.

Tezo haipigi mara mbili sawa

Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, fundi huchonga ubao kwa tezo na kila pigo linatua karibu na lile lililotangulia. Unaweza kudhani ana programu ya pigo moja kichwani, anairudia. Mwanasayansi wa Kirusi Nikolai Bernstein aliichunguza dhana hiyo huko Moscow katika miaka ya 1920, kwa kufunga taa ndogo kwenye viungo vya wafanyakazi wa nyundo na kupiga picha mfululizo. Ncha ya nyundo ilipita karibu njia ileile kila mara. Viungo havikufanya hivyo. Bega likizidi kidogo, kiwiko kilipunguza. Kiwiko kikichelewa, kiganja kilifidia. Aliita jambo hili kurudia pasipo kurudia: kinachorudiwa ni kulitatua tatizo.

Hapo utaelewa kwa nini mwanafunzi huharibu ubao. Kosa lake la kwanza si kukosa nguvu. Anakaza. Ili apunguze viungo vya kuongoza, anafunga kiganja na kiwiko na kuupiga mkono mzima kutoka begani kama mpini wa jembe. Kiungo kilichokazwa hakiwezi kufidia kosa la kingine, kwa hiyo kila kosa dogo la bega hufika hadi kwenye ncha ya tezo, na chuma kinachimba. Maneno ya fundi, "legeza mkono," ni sahihi, ila hayatekelezeki siku ya kwanza, kwa sababu kulegeza ndiko kuruhusu viungo vifidiane, na kufidiana hakufundishwi kwa maneno.

Chombo chenyewe huingia mwilini. Atsushi Iriki na wenzake nchini Japani waliripoti mwaka 1996 kuhusu nyani waliofundishwa kuvuta chakula kwa reki ndogo. Katika ubongo wao kuna seli zinazoitikia mkono unapoguswa, na pia kitu kinapoonekana karibu na mkono. Baada ya nyani kuitumia reki, eneo hilo la "karibu na mkono" lilirefuka likafuata reki hadi mwisho wake. Kuishika tu bila kuitumia hakukutosha. Maurice Merleau-Ponty, mwanafalsafa wa Ufaransa, alikuwa amesema hivyo mwaka 1945 kuhusu fimbo ya kipofu: fimbo si tena kitu anachokihisi, bali ni mahali anapohisia. Jaribu mwenyewe. Funga macho, shika fimbo, gusa zege, kisha mchanga, kisha mkeka. Ukwaruzo utausikia kule chini penye ncha, wakati ngozi inayoguswa ni ya kiganja.

Kuona kwenyewe kunahitaji mwendo. Richard Held na Alan Hein walichapisha jaribio lao mashuhuri mwaka 1963. Walichukua jozi 10 za paka wachanga waliokulia gizani. Kwa saa 3 kila siku, mmoja wa jozi alitembea akizunguka ndani ya pipa kubwa lililochorwa mistari, huku akimvuta mwenzake aliyekaa kwenye kikapu. Wote wawili waliona karibu mambo yaleyale. Aliyetembea alijifunza kunyoosha miguu anaposhushwa mezani na kukwepa ukingo wenye kina. Aliyebebwa, mwenye macho mazima, hakuyafanya hayo hadi alipoachiwa atembee mwenyewe mahali penye mwanga kwa siku 2 hivi.

Kuna jaribio dogo la nyumbani linaloonyesha jambo la jamii hiyo, alilolieleza mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Funga jicho moja. La pili liache wazi, likitazama kitu kilichotulia, kama mlango. Sasa weka ncha ya kidole kwenye kope ya chini, upande wa nje, ulisukume jicho polepole mara mbili tatu. Mlango utayumba. Kisha ondoa kidole, ulizungushe jicho lenyewe kushoto na kulia: mlango umetulia tuli. Katika hali zote mbili picha imeteleza nyuma ya jicho. Tofauti ni kwamba safari ya pili misuli ya jicho ndiyo iliyoamrishwa, na ubongo hutumia nakala ya amri hiyo kuufuta mtelezo. Ukisukuma kwa nguvu utajiumiza bila faida. Na mwenye lenzi ya kuvaa au aliyepasuliwa jicho asijaribu.

Kwa viumbe wengine mgawo wa kazi umeenda mbali zaidi. Pweza unayemwona amening'inizwa sokoni alikuwa na seli za neva zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili kati yake zilikuwa mikononi, si kichwani. Mkono uliokatwa huendelea kuitikia ukiguswa. Na si lazima pawepo neva hata moja: mwaka 1990 mhandisi Tad McGeer alieleza mashine ya miguu inayotembea kwenye mteremko mdogo bila mota wala kompyuta. Uzito, urefu wa miguu na umbo la nyayo vinatosha. Rodney Brooks, wa chuo cha MIT, aliunda roboti zisizo na ramani ya ndani kwa hoja kwamba ulimwengu wenyewe ndio ramani bora ya ulimwengu. Ziliweza kutembea na kukwepa vizuizi katika vyumba halisi, palepale ambapo roboti zenye ramani zilikuwa zikisimama kufikiri.

Maneno yenye mikono

Kauli ya pili ni ya kuvutia kwa wapenda lugha, na ndiyo maana inataka tahadhari. George Lakoff na Mark Johnson walidai mwaka 1980 kwamba fikra zetu za mambo yasiyoshikika zimejengwa juu ya mambo ya mwili. Kiswahili kinawapa mifano bure. Somo huingia kichwani au hukataa kuingia. Maneno ni makali, ni mazito, humezwa, hutemwa. Mtu hukubali shingo upande. Mchoyo ana mkono wa birika.

Sawa, lakini misemo inaonyesha historia ya lugha. Haionyeshi kwamba kila anayesema "nimeshika somo" anakunja vidole akilini. Ushahidi wa ubongo unasaidia kiasi. Olaf Hauk na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kusoma vitenzi vya mguu, vya mkono na vya ulimi huamsha sehemu za ubongo zilizo karibu na zile zinazovisogeza viungo hivyo, au zilezile. Kuamka, hata hivyo, si kuhitajika. Taa ya barazani huwaka mgeni akiingia, na mgeni angeweza kuingia gizani.

Upande huu pia ndio uliojaa majaribio yaliyovunjika. Uliwahi kusikia kwamba kuuma kalamu ili midomo ikae kama unacheka hukufanya uone vichekesho kuwa vya kuchekesha zaidi? Jaribio hilo la 1988 lilirudiwa mwaka 2016 katika maabara 17 na matokeo hayakujitokeza. Kushika kikombe cha kahawa moto ili uwaone watu kuwa wakunjufu, la 2008, halikusimama liliporudiwa kwa watu wengi zaidi. Kusimama kwa mkao wa kibabe ili homoni zibadilike, la 2010, liliporudiwa mwaka 2015 kwa watu 200 lilibakiza hisia ya kujiamini tu, homoni hazikutikisika. Haya ndiyo yanayoenezwa kwenye simu, na ndiyo dhaifu kuliko yote. Kosa lililo ndani yake ni moja: vikundi vidogo vya watu, na mguso mdogo wa mwili unaotegemewa ubadilishe hukumu kubwa. Mpira wa Chapman hauna udhaifu huo, maana ukizikosea hatua, mpira unaukosa.

Daftari la deni

Kauli ya nne ilitolewa na Andy Clark na David Chalmers. Mfano wao ni wa mtu wanayemwita Otto, mwenye ugonjwa wa kusahau, anayeandika kila kitu kwenye daftari na kulibeba popote. Inga, mwenye kumbukumbu nzima, anakumbuka makumbusho yalipo. Otto anafungua daftari. Wakauliza: kama daftari lipo kila wakati, linafunguliwa bila shida, na Otto analiamini bila kulihoji, kwa nini tuseme Inga alijua na Otto hakujua? Mfikirie muuza duka na daftari lake la deni. Likipotea, hakupoteza karatasi. Hajui tena nani anadaiwa nini.

Frederick Adams na Kenneth Aizawa walijibu mwaka 2001 kwamba hapa kuna mruko. Kitu kinachoshirikiana kwa karibu na akili si lazima kiwe sehemu ya akili. Mkaa unaupika wali, lakini mkaa si wali. Hoja hii haijapatiwa jibu la kumridhisha kila mtu, na kwa maoni yetu ina uzito kuliko watetezi wa Otto wanavyokubali. Kilichosimama imara zaidi ni kazi ya Edwin Hutchins, aliyechapisha mwaka 1995 uchunguzi wa jinsi meli ya jeshi la majini la Marekani inavyoongozwa. Mmoja anapima pembe ya alama ya nchi kavu, mwingine anaandika, mwingine anachora mstari kwenye ramani. Mahali meli ilipo panajulikana kwa kundi zima na vifaa vyao. Jahazi lina mpango huohuo: nahodha msukanini, mtu demani, mwingine omoni akiangalia miamba, na mwenye bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, akiita pima. Ukitaka kujua kina kilihesabiwa katika kichwa cha nani, utakuwa umeuliza vibaya.

Kujaribu kwa mikono

Anayetaka kuona kwamba hata mpaka wa mwili hujengwa dakika kwa dakika, afanye jaribio la Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, la 1998. Chukua glavu ya mpira, uijaze mchanga hadi ifanane na mkono. Mwenzako aketi mezani, mkono wake wa kushoto nyuma ya ubao uliosimamishwa asiuone. Glavu ya kushoto iwe mbele yake, sentimita 15 hivi kutoka mkono halisi, vidole vikielekea upande uleule, na leso ifunike kutoka begani hadi penye mwanzo wa glavu. Chukua brashi mbili laini. Papasa kidole kilekile cha glavu na cha mkono, upande uleule, wakati uleule, karibu mara moja kwa sekunde, naye akiitazama glavu tu. Wao walipapasa kwa dakika 10, ingawa wengi huanza kusikia mguso uko kwenye glavu mapema zaidi. Kisha afumbe macho na aonyeshe kwa mkono wa kulia, chini ya meza, mkono wa kushoto ulipo. Ataelekea upande wa glavu.

Isipofanya kazi, sababu huwa chache. Brashi moja inachelewa. Nusu sekunde inatosha kuvunja kila kitu. Au glavu imegeuzwa ikakaa kama mkono usioweza kuwa wake, au ni ya mkono wa kulia. Au mtu huyo ni miongoni mwa wale ambao hawasikii lolote, nao wapo. Ikifanya kazi, unaweza kumaliza kwa kuinua nyundo ghafla juu ya glavu uone atakavyoshtuka. Iinue tu, usiishushe: mkono wenyewe hauko hata shibiri moja pembeni.